Gaspard Monge

Gaspard Monge (Beaune, 9 Mei 1746 – Paris, 28 Julai 1818) alikuwa mwanahisabati, mwalimu na mwanasiasa wa nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa jiometria ya michoro, yaani mbinu ya kuonyesha vitu vyenye urefu, upana na kimo kwenye karatasi bapa bila kupoteza vipimo vyake. Pia ni yeye aliyeanza kuchunguza nyuso za mfereji na nyuso za bomba, ambazo leo hutumika katika usanifu kwa kompyuta.

Maisha ya awali

Monge alizaliwa katika mji wa Beaune, mkoa wa Burgundy, akiwa mtoto wa mchuuzi. Alisoma kwanza katika shule ya mapadre wa Shirika la Oratorio mjini kwake, halafu huko Lyon, ambako alianza kufundisha fizikia akiwa bado kijana mdogo.

Aliporudi nyumbani alichora ramani kubwa ya mji wa Beaune, akitumia vifaa vya kupimia alivyovitengeneza mwenyewe. Ofisa mmoja wa jeshi aliiona ramani hiyo akampendekeza kwa chuo cha wahandisi wa kijeshi cha Mézières. Lakini kwa kuwa hakuwa wa ukoo wa makabaila, hakuweza kupokewa kama mwanafunzi ofisa. Aliwekwa katika idara ya wachoraji na watengenezaji wa mifano.

Huko alipewa kazi ya kupanga kuta za ngome ili walinzi wasiweze kulengwa na mizinga ya adui. Kwa kawaida kazi hiyo ilihitaji hesabu ndefu za kuchosha. Monge aliimaliza kwa michoro tu, tena haraka mno, hata mkuu wake akakataa kuipokea, akidhani haiwezekani hesabu zote ziwe zimefanyika. Ilipokaguliwa ilionekana kuwa sahihi. Tangu hapo alipewa nafasi ya kufundisha, lakini mbinu yake ilifanywa kuwa siri ya jeshi, naye kwa miaka mingi hakuruhusiwa kuitangaza.

Mwaka 1777 alimwoa Catherine Huart, mjane aliyekuwa na kiwanda cha kufulia chuma. Kwa njia hiyo Monge alipata nafasi ya kujifunza kwa karibu ufuaji wa madini.

Kazi ya kisayansi

Mwaka 1780 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Paris. Mwaka 1783 aliunguza hidrojeni pamoja na oksijeni na kupata maji, bila kutegemea majaribio ya namna hiyo ya Lavoisier. Mwaka 1786, pamoja na Berthollet na Vandermonde, alieleza kuwa tofauti kati ya chuma na feleji inatokana na kaboni.

Katika makala iliyochapishwa mwaka 1781 aliuliza jinsi ya kuhamisha udongo kutoka mashimo hadi matuta kwa gharama ndogo kabisa. Swali hilo liliendelezwa katika karne ya 20 na Leonid Kantorovich wa Urusi, na limekuwa tawi zima la hisabati.

Nyuso za mfereji na za bomba

Monge alitumia kalkulasi kuchunguza nyuso zilizopinda. Masomo yake yalikusanywa katika kitabu kuhusu matumizi ya uchanganuzi katika jiometria, kilichotolewa mara kadhaa. Toleo la 1850 lilisimamiwa na Joseph Liouville.

Uso wa mfereji hupatikana hivi: tufe linasogea huku kitovu chake kikifuata mstari fulani, na nusukipenyo chake kinaweza kuongezeka au kupungua njiani. Uso unaoyagusa matufe hayo yote kwa pamoja ndio uso wa mfereji. Nusukipenyo kisipobadilika, unaitwa uso wa bomba.

Mifano yake iko mingi katika maisha ya kila siku. Kitovu kikifuata mstari mnyofu na nusukipenyo kikibaki kilekile, hupatikana silinda. Nusukipenyo kikipungua kwa kiwango kisichobadilika, hupatikana pia. Kitovu kikizunguka duara, hupatikana umbo la tyubu ya tairi.

Kila tufe hugusa uso huo kwenye duara moja. Katika bomba, duara hilo lina nusukipenyo sawa na cha tufe na limekata mstari wa katikati kwa pembemraba. Katika mfereji unaopanuka au kufinyika, duara ni dogo kuliko hilo na limesogea kidogo upande ambako tufe linakuwa dogo. Nusukipenyo kikikua haraka kuliko kitovu kinavyosonga, tufe jipya humeza lile lililotangulia na uso haupatikani.

Bomba nalo lina sharti lake: nusukipenyo kiwe kidogo kuliko nusukipenyo cha kona kali kuliko zote katika mstari wa katikati, la sivyo bomba hujikunja ndani yake lenyewe. Sharti hilo likitimizwa, na bomba lisipojikata mahali pengine, eneo lake ni mzingo wa duara mara urefu wa mstari wa katikati, hata bomba likipinda namna gani.

Charles Dupin, mwanafunzi wa Monge, alipata nyuso ambazo ni za mfereji kwa njia mbili tofauti kwa wakati mmoja. Nyuso hizo zinaitwa kwa jina lake.

Mapinduzi na Napoleon

Monge aliunga mkono Mapinduzi ya Ufaransa. Kuanzia Agosti 1792 hadi Aprili 1793 alikuwa waziri wa jeshi la majini. Baadaye alisimamia utengenezaji wa mizinga na ukusanyaji wa shura kwa ajili ya baruti, nchi ilipokuwa vitani na majirani zake.

Alikuwa kati ya waanzilishi wa chuo cha École polytechnique mwaka 1794. Mwaka 1795 hatimaye aliweza kufundisha hadharani mbinu iliyokuwa imefichwa Mézières.

Mwaka 1798 alimfuata Napoleon Bonaparte kwenda Misri. Huko Kairo alikuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Misri, huku Napoleon akiwa makamu wake. Alieleza pia sababu ya mazigazi yaliyowahadaa askari wenye kiu jangwani. Baada ya kurudi alifanywa seneta, na mwaka 1808 alipewa cheo cha kikabaila, yeye aliyekuwa amenyimwa nafasi ya mwanafunzi kwa kukosa cheo hicho.

Mwisho

Napoleon alipoanguka, Monge alianguka pamoja naye. Mwaka 1816 aliondolewa katika Taasisi ya Ufaransa. Alifariki miaka miwili baadaye. Wanafunzi wa École polytechnique hawakuruhusiwa kuhudhuria mazishi. Walikwenda kaburini kesho yake.

Jina lake ni mojawapo ya majina 72 yaliyoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel. Mwaka 1989 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, mjini Paris.