Apolo Kivebulaya, Mgeni Aliyefanyika Mwenyeji

Katika kitabu hiki cha jubilei twawakumbuka mapadre na walimu waliotutangulia katika Ngara na Biharamulo. Walakini tumeona ni vema kuweka humu pia habari za mtu mmoja ambaye kazi yake haikuwa kwetu, lakini maisha yake yatufaa sana sisi tukaao karibu na mpaka. Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyeiacha nchi yake akahubiri Injili katika Kongo hata kufa kwake.

Apolo alizaliwa Singo, katika Buganda, yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, ndilo jina wanalompa pacha wa kwanza wa kiume. Katika ujana wake alivutwa huku na huku. Alisikia mafundisho ya Mackay, yule mmisionari aliyekuwa fundi wa chuma na mbao. Tena vita vya dini vilipozuka Buganda tangu mwaka 1888, alipigana kwanza pamoja na jeshi la Waislamu, kisha akawarudia Wakristo. Hata mwezi wa Januari 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alizoea kuvaa koti jekundu la kiaskari juu ya kanzu yake nyeupe, nao wakamwita kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka ule ule alitumwa kufundisha Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Ng'ambo ya milima hiyo, ukiisha kuuvuka mto Semliki, iko nchi ya Boga, wakaapo Wahema, na chifu wao siku zile alikuwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda huko mbele yake, wakarudi kwa sababu ya njaa, maana chifu aliwanyima chakula. Basi ilipotakiwa mtu wa kushika mahali pao, Apolo alikubali. Mwisho wa mwaka 1896 akavuka, naye ni mtu wa miaka 30 na kidogo, hana mke, wala hana jamaa hata mmoja katika nchi ile.

Hapa na tutue kidogo. Sisi walimu twajua neno hili la chakula. Twafika mtaani, watu wanatutazama tu. Kuni hazipo, ndizi hazipo, na siku ya tatu moyo umekwisha kurudi nyumbani. Sisi wenyewe tulipotumwa mara ya kwanza mahali pa mbali, tulihesabu miezi kama mfungwa ahesabuvyo, tukamwandikia mchungaji barua ya kuomba turudishwe kwetu. Apolo hakuandika barua. Alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe, na jioni akafundisha kusoma. Hivyo chifu alikosa silaha, maana mtu ajilishaye kwa jembe lake hafukuzwi kwa njaa.

Lakini yalimpata makubwa kuliko njaa. Tabaro hakupendezwa na mafundisho yake, hasa alipokemea ulevi na wingi wa wake, na Apolo akapigwa vibaya. Kisha ikatokea ajali: dada yake chifu aliangukia mkuki, akafa, na lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani kama mwuaji. Mle gerezani alimwona Bwana Yesu katika njozi, aking'aa kama jua, akimtia moyo, kwa kuwa yeye yupo pamoja naye. Baadaye ilionekana kwamba hana hatia, akafunguliwa.

Sasa, ndugu, mtu aliyefungwa kwa ajili ya watu wasiomtaka, naye amefunguliwa karibu na marafiki zake, angefanya nini? Apolo aliirudia Boga. Tabaro alipomwona amerudi, moyo wake ulianza kulegea. Hata mwisho yule aliyemtesa akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo akafanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi alitumika Toro, lakini Boga hakuisahau. Katika siku hizo Wazungu walipatana juu ya mipaka, na Boga ikahesabiwa kuwa nchi ya Kongo ya Wabelgiji. Sisi twalielewa jambo hili bila kuambiwa sana, maana Bugufi yetu ilihesabiwa pamoja na Urundi wakati wa Wadachi, na baada ya Vita vya Kwanza ikatiwa katika Tanganyika. Mpaka ulihama, watu walikaa pale pale. Apolo naye hakuuliza bendera ya nani inapepea Boga. Alirudi huko kukaa, na tangu mwaka 1921 akaingia mwituni kwa Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda, ambao majirani zao waliwadharau. Alijifunza lugha yao, akaketi katika vibanda vyao vya majani, na baadhi yao wakabatizwa. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni, lakini cheo hicho hakikumwondoa mwituni.

Hata siku zake zilipokaribia kwisha, Apolo hakutaka kufia Buganda. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya kwao ilikuwa kumzika mtu kichwa chake kikielekea mashariki, ilipo nchi yake. Yeye aliomba kielekezwe magharibi, kwenye mwitu ambao Injili ilikuwa haijafika. Twajua jinsi watu wetu wapendavyo kuzikwa penye migomba ya baba zao. Mtu asalimishapo hata kaburi lake kwa wageni, hao si wageni tena.

Nasi tuna wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu au zaidi kidogo, wakaingia Ngara. Wengine walipewa maji na kivuli, wengine walitazamwa kwa jicho la hofu, na kila nyumba yakumbuka ilifanya nini.

Basi, enyi walimu vijana mtakaotumwa mwaka huu ng'ambo ya Ruvubu, au katika mapori ya Biharamulo, au mbali zaidi, msiulize kwanza nani atawapikia. Chukueni jembe pamoja na Kitabu. Nanyi watu wa mitaa, mwalimu mgeni ajapo, msingoje apigwe njaa ndipo mjue kama ametumwa na Mungu. Mpelekeeni mkungu wa ndizi siku ile ile ya kwanza.