Sol Plaatje na Kaburi la Usiku

Hizi ni habari za Solomon Plaatje wa Afrika ya Kusini. Watu walimwita Sol. Alizaliwa mwaka 1876 katika nchi ya Makaburu iliyoitwa Orange Free State. Yeye alikuwa Mtswana. Alisoma shule ya misheni huko Pniel, lakini hakusoma miaka mingi. Mwaka 1894 alipata kazi ya utarishi katika posta ya Kimberley. Mengine alijisomesha mwenyewe baada ya kazi, kama wewe.

Mwaka 1898 alimwoa Elizabeth M'belle, ambaye lugha yake ilikuwa Kixhosa. Wazee wa pande zote mbili walikataa. Kumbe hata Waafrika wenyewe waliogopana! Vijana wale walioana hivyo hivyo, na baadaye wazee wakakubali.

Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza mwaka 1899, Plaatje alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Mafeking. Mji ulizingirwa siku 217. Aliandika katika daftari mambo aliyoyaona, pamoja na njaa ya Waafrika. Daftari hilo lilichapishwa mwaka 1973.

Mwaka 1912 Waafrika waliunda chama, ambacho baadaye kiliitwa ANC. Plaatje akawa katibu wake mkuu wa kwanza. Mwaka uliofuata serikali ya Wazungu ilitunga Sheria ya Ardhi. Mwafrika alikatazwa kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo aliyotengewa. Maeneo hayo yalikuwa kama sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za nchi.

Waafrika wengi walikuwa wakilima katika mashamba ya Wazungu na kugawana mavuno na wenye mashamba. Sasa waliambiwa wawe vibarua, au waondoke na mifugo yao. Plaatje alipanda baisikeli akawafuata huko njiani. Ilikuwa majira ya baridi kali. Alipata habari za familia moja iliyofukuzwa pamoja na mbuzi wake. Mtoto wao mchanga alikuwa mgonjwa, akafa njiani. Je, wamzike wapi? Hawakuwa na ardhi, na kila shamba lilikuwa na mwenyewe. Walingoja usiku. Wakachimba kaburi kwa siri katika ardhi ya mtu, wakiogopa kufumaniwa.

Mwenye shamba naye alikuwa na hofu yake. Akiwapokea watu kama hao, aliweza kutozwa faini ya paundi 100 au kufungwa miezi 6. Hivyo hata Mzungu mwenye huruma alifunga mlango.

Mwaka 1914 Plaatje na wenzake walikwenda Uingereza kulalamika. Hawakusaidiwa. Yeye alibaki huko, na mwaka 1916 akatoa kitabu kuhusu sheria ile. Habari za mtoto yule zimo.

Kitabu chake kingine, Mhudi, mimi nakipenda zaidi. Ni hadithi ya mwanamke wa Kitswana, Mhudi, na mumewe Ra-Thaga, katika miaka ya 1830. Kijiji chao kinateketezwa na Wamatabele. Kisha Makaburu wanafika, na mumewe anafanya urafiki na kijana mmoja wao. Mhudi anaona jinsi Makaburu wanavyowapiga watumishi wao, anaingiwa na shaka. Lakini rafiki yake mkubwa anakuwa mke wa mfalme wa Wamatabele, yaani mke wa adui. Angalia ujasiri wa mwandishi huyu! Aliandika hayo wakati watu wake wakifukuzwa. Wachapishaji walikikataa kitabu kwa miaka mingi. Kilitoka mwaka 1930.

Plaatje alitafsiri pia tamthilia za Shakespeare kwa Kitswana. Mojawapo ni Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963. Tafsiri ya Plaatje ilichapishwa mwaka 1937, naye alikuwa amekwisha kufa tangu Juni 1932. Alizikwa Kimberley. Sheria ile ya ardhi ilifutwa mwaka 1991.