John Constable: Mcheza Kwao Aliyetuzwa Ugenini

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Maisha ya mchoraji John Constable yanaitia methali hii katika mizani. Alicheza kwao Uingereza maisha yake yote, wala hakuwahi kusafiri nje ya nchi hiyo. Lakini tuzo kubwa ya kwanza ilimjia kutoka Ufaransa.

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk. Babake, Golding, alikuwa tajiri wa nafaka aliyemiliki vinu kando ya Mto Stour, na alitaraji mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana alifanya kazi vinuni kwa muda. Huko alijizoeza kulisoma anga, maadamu msagaji anayetegemea upepo hulitazama kila siku kama atazamavyo riziki yake. Mnamo 1799 alijiunga na shule ya sanaa ya Royal Academy, London.

Enzi hizo picha za mandhari zilidunishwa. Hadhi ilikuwa ya picha za historia, Biblia na visasili. Naye aliyechora mandhari aghalabu aliyapamba kwa magofu ya kale na kuyafunika kwa rangi ya hudhurungi. Constable alishika njia nyingine. Alichora alichokijua: kinu cha babake, mashua, miti, na majani mabichi yenye ukijani wake halisi. Alitoka nje na rangi zake kunasa mwanga ulivyokuwa, kisha akarejea chumbani kuijenga picha kubwa. Mnamo 1821 na 1822, akiwa Hampstead, alichora mawingu tena na tena, na nyuma ya michoro mingi akaandika tarehe, saa na hali ya upepo. Utulivu tunaouona katika kazi zake ulitokana na bidii hiyo.

Uamuzi huo ulimgharimu. Mnamo 1802 aliikataa kazi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi, ilhali picha zake hazikuwa na wanunuzi wengi. Babu ya mchumba wake, Maria Bicknell, hakumwona kuwa mume afaaye. Wapenzi hao walisubiri miaka mingi kabla ya kuoana mnamo 1816. Picha yake ya *The Hay Wain*, yenye mkokoteni uliotulia majini karibu na kinu cha Flatford, ilionyeshwa London mnamo 1821 bila kupata mnunuzi. Ilipofikishwa Paris mnamo 1824, ilimpatia nishani ya dhahabu.

Maria alifariki Novemba 1828 kwa kifua kikuu, akiacha watoto 7. Februari 1829, Royal Academy ilimchagua Constable kuwa mwanachama kamili kwa tofauti ya kura moja, akiwa na umri wa miaka 52. Heshima ya nyumbani ilibisha hodi ilhali aliyeingojea pamoja naye keshaondoka. Yeye mwenyewe aliaga dunia tarehe 31 Machi 1837.

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kuyapita mandhari upesi ili tuwafikie wahusika. Katika kazi za Constable, anga na mto ndio wahusika wakuu, nao hudai kusomwa kwa subira. Leo *The Hay Wain* imetundikwa National Gallery, London. Methali ilitimia, ila ilichelewa.