William Henry: Mgonjwa aliyepima hewa ndani ya maji

Ingia katika hoteli yoyote ndogo kandokando ya Barabara ya Tom Mboya, uagize soda, na kabla hujaketi vizuri mhudumu atakuuliza kama unaitaka baridi au moto. Hiyo ya moto haikupashwa jikoni; ni ile iliyokaa kretini tu. Mimi kwa sababu ya meno yangu nimekuwa mtu wa soda ya moto kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nimelowa mkono, maana kizibo kikitoka tu povu hupanda na kumwagika mezani, ilhali jirani yangu mwenye baridi anakunywa yake kwa utulivu. Sikujua kwamba jambo hili lilikwisha kupimwa na kuandikwa zaidi ya miaka 200 iliyopita na mtu mmoja wa mji wa Manchester, Uingereza. Huyo ni William Henry, ambaye leo ningependa kuwasimulia wasomaji habari zake.

Habari hizo nilizipata kwa njia ya hasara. Mwaka 2010, wakati serikali ilipokuwa ikiwahimiza wakulima wachimbe mabwawa ya samaki, nami nilichimba langu huku Uthiru, nyuma ya nyumba. Aliyeniuzia vifaranga vya tilapia alinihakikishia kuwa bwawa lingebeba idadi maradufu ya ile niliyokusudia, nami nikamwamini. Miezi michache baadaye nikawa nawaona samaki kila alfajiri wamejazana juu ya maji, wakipanua midomo kama watu waliotoka mbioni. Asubuhi moja niliokota waliokufa wakajaza ndoo tatu. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisoma kemia pale Chiromo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ndiye aliyeniketisha chini na kunitajia jina la Henry.

Alizaliwa Manchester tarehe 12 Desemba 1774. Baba yake, Thomas Henry, alikuwa muuza dawa mashuhuri, aliyejulikana sana kwa magnesia, ile dawa nyeupe ya kutuliza tumbo. Mzee huyo pia alitengeneza na kuuza maji yaliyotiwa gesi, ambayo watu wa wakati ule waliyanywa kama tiba. Kwa hiyo tukisema kuwa mtoto alilelewa na muuza soda hatutakuwa tumekosea sana.

Alipokuwa na umri wa kama miaka 10, boriti ilimwangukia ikamuumiza vibaya. Hakufa, lakini mwili wake haukukua sawasawa tena, na maumivu yakawa mwenzake wa maisha. Michezo ya wavulana ikampita, akageukia vitabu. Kwa miaka mitano alikuwa karani na msaidizi wa Daktari Thomas Percival, kisha mwaka 1795 akaenda Edinburgh kusomea udaktari. Baada ya mwaka mmoja akarudi nyumbani kumsaidia baba yake kazini. Shahada yenyewe hakuipata hadi 1807.

Kazi iliyompa jina ilisomwa mbele ya Royal Society, London, mwishoni mwa mwaka 1802, ikachapishwa 1803. Alitumia chombo cha kioo. Alitia maji na gesi ndani yake, akakitikisa kwa nguvu, halafu akapima ni gesi kiasi gani iliyopotelea majini. Alipotaka kuongeza msukumo aliongeza zebaki, kwa kuwa nguzo ya zebaki ya sentimita 76 husukuma sawasawa na hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu aliyesimama pwani. Akarudia kazi hiyo hiyo, gesi baada ya gesi. Akaona kwamba msukumo ukiwa mara mbili maji humeza gesi mara mbili, na ukiwa mara tatu humeza mara tatu. Akaona tena kwamba maji yakipata joto uwezo huo hupungua, na hapo ndipo ilipo siri ya soda yangu ya moto.

Mtu anaweza kudhani kuwa hili ni jambo dogo. Lakini ukishapima mara moja gesi fulani katika kioevu fulani, kwa joto fulani, basi unaweza kutabiri, bila kukitikisa chombo tena, kitakachotokea chini ya msukumo mwingine. Sheria hiyo ina mipaka yake: haifuati vizuri msukumo ukiwa mkubwa mno, wala gesi ikiwa ni ya kuungana na maji yenyewe, kama amonia. Hata hivyo wazamiaji wa huko Watamu wanaitegemea wasije wakapanda haraka, nitrojeni ikatoa mapovu katika damu yao kama soda.

Rafiki yake John Dalton, yule mwalimu wa nadharia ya atomu, alikuwa akisema kwamba katika mchanganyiko wa gesi kila moja husukuma kivyake, kana kwamba nyingine hazipo. Henry alipovitazama vipimo vyake kwa jicho hilo, mambo yakanyooka. Ndiyo maana soda iliyoachwa wazi hupooza hata ikizungukwa na hewa tele: gesi yake inatafuta ya jinsi yake, na katika hewa ya kawaida hiyo ni chache mno.

Mpwa wangu alinifanyia hesabu ya bwawa juu ya karatasi ya sukari. Uthiru iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Lita moja ya maji ya joto la digrii 20, ambayo pwani ingeshika miligramu 9 hivi za oksijeni kutoka hewani, huku kwetu hushika 7 na ushei. Baridi yetu hutusaidia, kwa sababu maji ya Mombasa ya digrii 30 nayo hayazidi sana hapo. Lakini hicho ndicho kiasi chenyewe. Mchana majani ya majini huongeza; usiku hayo majani nayo huvuta, na alfajiri akiba imekwisha. Yule mwuza vifaranga hakuwa na habari hii, au alikuwa nayo akanyamaza.

Henry alipewa Nishani ya Copley mwaka 1808, na kitabu chake cha kemia kilichapishwa tena na tena. Alichunguza gesi ya taa iliyotokana na makaa ya mawe, na mwaka 1831, kipindupindu kilipokuwa kikiinyemelea Uingereza, akajaribu kuondoa uambukizo katika nguo kwa joto bila kuharibu kitambaa. Haya yote aliyafanya akiwa na mwili ule ule. Mikono iliyotikisa vile vyombo ikaja kushikwa na maumivu ya neva. Alipasuliwa, asipate nafuu, na usingizi ukamhama kabisa. Tarehe 2 Septemba 1836 alijitoa uhai, akiwa na miaka 61. Wapo wanaolisimulia jambo hili kwa kunong'ona, au wakaliruka. Mimi sioni aibu yake iko wapi, kwa mtu aliyebeba mzigo ule kwa miaka 50 na huku akifanya kazi.

Bwawa langu lipo bado. Nilipunguza samaki wakabaki chini ya nusu, nikatega bomba maji yaingie kwa kudondoka kutoka juu yachanganyike na hewa. Alfajiri mimi hupita hapo nikiwa na tochi, na midomo ile sijaiona tena.