Yogiji Maharaj: Guru Aliyevuka Bahari hadi Mombasa

Apitaye Ganjoni jioni hukuta mitaa ambamo Mwislamu, Mkristo na Mhindu wamekuwa majirani kwa vizazi kadhaa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kukisoma kisiwa cha Mombasa kupitia kwa Muyaka na masheikh wa Mji wa Kale, na ni nadra kukumbuka kwamba kina nafasi pia katika historia ya uguru. Mwaka 1955 alifika hapa mtawa wa Kigujarati mwenye umri wa miaka 62, akazindua hekalu ambalo lilikuwa la kwanza la jumuiya yake kuwekwa wakfu nje ya Bara Hindi.

Mtawa huyo alizaliwa Dhari, Gujarati, tarehe 23 Mei 1892, akapewa jina la Jina. Utotoni alipenda kuhudumu hekaluni kuliko kucheza na wenziwe. Mwaka 1908 aliwaaga wazazi wake, akaenda Junagadh kuishi na watawa chini ya mlezi wake, Krishnacharandas. Mwaka 1911 alitawazwa kuwa mtawa kamili kwa jina la Jnanjivandas, lakini kwa sababu ya kufunga kwake na kuidhibiti nafsi yake, watu walimwita Yogi, na jina hilo ndilo lililobaki.

Inafaa tusimame hapa kidogo, maana neno yoga siku hizi huwapeleka wengi kwenye mazoezi ya viungo. Katika njia ya Swaminarayan, iliyoasisiwa na Sahajanand Swami (1781–1830), taamuli si ufundi wa kuvuta pumzi ambao mtu aweza kujifunza peke yake. Mwanafunzi huhitaji kumtazama mtu aliyekwisha kuishinda nafsi yake, amtumikie, na kupitia kwake ajifunze kuuelekeza moyo kwa Mungu. Msomaji wa pwani atamkumbuka murshidi na muridi wake katika tarika za Kisufi. Mfanano upo, ila una mpaka: wafuasi wa Yogiji huamini kwamba Mungu hukaa ndani ya guru kwa ukamilifu, na kwa hiyo humwabudu Mungu pamoja na mja wake huyo mteule. Hilo Mwislamu hawezi kulikubali.

Hata miongoni mwa Wahindu wa njia hiyo lilizua mfarakano. Shastriji Maharaj, aliyelishikilia fundisho hili, aliondoka Vadtal mwaka 1905, na mwaka 1907 akaanzisha hekalu lake Bochasan. Yogiji na mlezi wake walimfuata mwaka 1911. Kumfuata kulikuwa na gharama. Waliyaacha mahekalu makubwa yenye mali na heshima, wakajiunga na kikundi maskini kilichopigwa vita.

Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia Gondal. Alipika, akaosha masufuria, akafagia, akawalisha wageni, na mara nyingi yeye mwenyewe akalala na saumu. Wapo wasimulizi wanaopenda kutaja miujiza yake. Kwa maoni yangu, jiko lile linaeleza mengi zaidi. Shastriji alipofariki mwaka 1951, aliyepokea uongozi wa kiroho ni mtu ambaye kwa miaka arobaini alikuwa amejizoeza utumishi.

Huku kwetu wafuasi walikuwapo tangu miaka ya 1920, wakiwamo wafanyakazi wa reli. Hebu tulifikirie tatizo lao: imani yao inataka guru aonekane kwa macho, na guru yuko ng'ambo ya bahari. Watawa wa Kihindu kwa desturi hawakuvuka bahari. Barua ndizo zilizowashikilia. Zilisomwa na kurudiwa kusomwa katika mikutano ya nyumbani. Shastriji alifariki bila ya kukanyaga Afrika. Ndiyo maana safari ya 1955 iliwagusa mno. Waliokuwa wakimwabudu Mungu kwa kumwazia mwalimu wa mbali, sasa walimwona akila, akicheka na kuwapigapiga mgongoni. Ni kweli kwamba mwamko huo ulibaki zaidi miongoni mwa Wagujarati. Waswahili wa mitaa ya jirani hawakuguswa nao sana.

Alirudi mwaka 1960, akazindua mahekalu ya Kampala, Jinja na Tororo. Mwaka uliofuata, huko Gadhada, aliwatawaza vijana 51 kuwa watawa, wengi wao wasomi, jambo lililowaliza baadhi ya wazazi. Mwaka 1970 alizuru Nairobi na London. Alifariki Mumbai tarehe 23 Januari 1971, akamwachia uongozi Pramukh Swami.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, na mahekalu yale matatu yakabaki bila waumini wake. Wengi wao walihamia Uingereza. Hekalu kubwa la Neasden lilipofunguliwa London mwaka 1995, miongoni mwa waliolijenga walikuwamo wengi waliotoka Afrika Mashariki.