Seroney: Naibu Spika aliyetiwa kizuizini kwa uamuzi aliotoa kitini

KATI ya maamuzi yote yaliyowahi kutolewa kutoka kiti cha Spika tangu Kenya ijinyakulie uhuru, ni machache mno yaliyomgharimu mtoaji kama ule wa marehemu Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, mnamo Alhamisi, Oktoba 9, 1975.

Haukuwa uamuzi mrefu. Mbunge wa Butere, Martin Shikuku, alikuwa amesimama akionya kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge jinsi chama cha Kanu kilivyouawa. Upande wa serikali ukaja juu, ukamtaka athibitishe madai hayo au ayafute, kama kanuni za Bunge zinavyoagiza.

Seroney, aliyekuwa Naibu Spika na ndiye aliyeongoza kikao hicho, aliamua kwamba jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa.

Siku sita baadaye, jioni ya Jumatano, Oktoba 15, polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakushtakiwa katika mahakama yoyote. Walitiwa kizuizini chini ya sheria ya kulinda usalama wa umma, na wakakaa humo kwa miaka mitatu na ushei.

Seroney alizaliwa Nandi mwishoni mwa miaka ya 1920. Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance na Chuo cha Makerere, kisha akasomea sheria India na kukamilisha uwakili wake London. Aliporejea nyumbani alikuwa miongoni mwa mawakili wa kwanza kabisa kutoka jamii za Kalenjin, wakati ambapo mashamba ya majani chai ya Nandi Hills yalikuwa bado mikononi mwa makampuni na walowezi.

Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mnamo 1961, kwa tiketi ya Kadu, chama kilichotetea serikali za majimbo. Kadu ilipojivunja Novemba 1964 na wabunge wake kujiunga na Kanu, Seroney naye alivuka sakafu. Hata hivyo, wenzake wengi waliovuka walipewa vyeo na wakanyamaza, naye akabaki na ulimi uleule.

Suala lililomkereketa zaidi lilikuwa ardhi. Julai 1969 aliongoza mkutano uliotoa tamko ambalo hadi leo hujulikana kama Azimio la Nandi Hills, likidai kwamba ardhi yote ya wilaya hiyo ni mali ya Wanandi, yakiwemo mashamba yaliyokuwa yakinunuliwa na watu kutoka sehemu nyinginezo za nchi. Serikali ilimshtaki kwa uchochezi. Akapatikana na hatia na kutozwa faini.

Wanaomwenzi Seroney hupenda kupita haraka hapa, na si haki kufanya hivyo. Azimio hilo lilikuwa kilio cha watu walionyang'anywa ardhi na mkoloni, wakaona ikigawanywa tena bila wao kushauriwa. Lakini pia liliwaweka majirani waliolipia mashamba yao katika hali ya wageni. Machafuko ya kikabila ya Oktoba 1991 yalipozuka, yalianzia katika shamba la Miteitei, papo hapo Tinderet. Seroney alikuwa kaburini kwa karibu miaka tisa, na si yeye aliyeyapanga. Hata hivyo, swali alilolizusha mwaka wa 1969 lilikuwa halijajibiwa.

Katika Bunge, mwanasiasa huyu wa mashambani alikuwa mtu tofauti kidogo. Silaha yake hapo ilikuwa kitabu cha kanuni za Bunge. Alizijua kwa undani, na alijua kwamba serikali yenye wabunge wengi bado inaweza kuzuiwa na mtu mmoja anayefahamu ni lini hoja inaruhusiwa na ni lini hairuhusiwi.

Ndiyo maana uchaguzi wa Naibu Spika wa mwaka wa 1974 uligeuka kuwa patashika. Cheo hicho si cha kukaimu tu. Naibu Spika ndiye pia mwenyekiti wa Kamati ya Bunge Zima, mahali ambapo mswada hupitiwa kifungu baada ya kifungu, na marekebisho hukubaliwa au kutupwa. Anayeketi hapo huamua ni nani anenaye na ni nani anayenyamazishwa.

Bunge jipya lilipokutana Novemba 1974, wabunge wa nyuma walimpendekeza Seroney dhidi ya chaguo la serikali. Ilipodhihirika kwamba upepo ulikuwa upande wake, Rais Jomo Kenyatta aliahirisha vikao hadi Februari mwaka uliofuata. Likizo hiyo haikusaidia. Bunge liliporejea Februari 1975, Seroney alichaguliwa bila kupingwa.

Wasomaji wachanga huenda wasijue kwamba huo ulikuwa wakati Kiswahili kilipotawala mijadala ya Bunge. Kenyatta alikuwa ameamuru kitumike kuanzia Julai 1974, na Kiingereza hakikurejeshwa mijadalani hadi 1979. Miswada, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijikuta wakisoma sheria kwa lugha moja na kuijadili kwa nyingine, hali iliyompa nguvu zaidi mwenyekiti aliyezoea lugha ya sheria.

Mwezi mmoja tu baada ya uchaguzi huo, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliuawa. Aliuawa Machi 2, 1975 na mwili wake ukapatikana katika msitu wa Ngong. Bunge liliunda kamati teule kuchunguza mauaji hayo, ikiongozwa na Elijah Mwangale.

Ripoti ya kamati hiyo iliwasilishwa Juni, baada ya majina ya watu wawili waliokuwa karibu na Rais kuondolewa. Serikali ilitaka Bunge liifahamu tu, si kuipitisha. Ilishindwa, na ripoti ikapitishwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na wabunge wa nyuma, walifutwa kazi.

Kura hizo tatu za ziada ndizo zinazoeleza yaliyotokea Oktoba. Kwa muda wa miezi michache, Bunge la Kenya lilikuwa mahali pekee nchini ambapo serikali ingeweza kushindwa hadharani. Kamati zake zilikuwa zikiita mashahidi na kuuliza maswali ambayo hakuna gazeti lililothubutu kuyauliza. Na mwenye kiti alikuwa mtu asiyeogopa kuwaacha wenzake waseme.

Je, ilikuwa kweli kwamba Kanu ilikuwa imekufa? Tukiuweka kando ubishi wa siku hiyo, ushahidi ulikuwa tele. Chama hicho kilikuwa hakijafanya uchaguzi wa kitaifa wa viongozi wake tangu mkutano wa Limuru wa Machi 1966, ulioitishwa ili kumng'oa Jaramogi Oginga Odinga. Baada ya chama cha Odinga, KPU, kupigwa marufuku Oktoba 1969, Kanu ilibaki peke yake uwanjani bila mpinzani na, kwa hivyo, bila haja ya kufanya kazi. Uchaguzi uliopangwa Aprili 1977 ulifutiliwa mbali. Ulifanyika hatimaye Oktoba 1978, baada ya Kenyatta kufariki.

Kwa maneno mengine, Naibu Spika hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa akitumia kanuni ya kawaida ya sheria, ile ambayo wakili yeyote hujifunza mapema: mahakama haiitishi ushahidi wa jambo ambalo kila mtu analijua. Kosa lake, ikiwa ni kosa, lilikuwa kuitumia kanuni hiyo dhidi ya chama tawala.

Ipo sheria inayowakinga wabunge dhidi ya kushtakiwa kwa yale wayasemayo Bungeni. Serikali haikuivunja kwa kuwashtaki Seroney na Shikuku. Iliizunguka, kwa kutowashtaki kabisa. Amri ya kizuizini haikuhitaji shtaka, wala shahidi, wala hakimu.

Kenyatta aliwaonya wabunge waliobaki kwa mfano wa mwewe aliye angani akisubiri kuwarukia vifaranga. Ujumbe ulifika. Waliojaribu kuendelea waliona cha mtema kuni: Chelagat Mutai, mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini, alifungwa gerezani mwaka wa 1976, na George Anyona wa Kitutu Mashariki akakamatwa katika majengo yayo hayo ya Bunge mwaka wa 1977.

Shirika la Amnesty International lilimtambua Seroney kuwa mfungwa wa dhamiri. Aliachiliwa Desemba 12, 1978, wakati Rais mpya, Daniel arap Moi, alipowafungulia mahabusu wote wa kisiasa, akiwemo mwandishi Ngugi wa Thiong'o. Ilikuwa kinaya, kwani Moi na Seroney walikuwa mahasimu wa miaka mingi, hasa kuhusu ardhi ya Nandi.

Shikuku alirejea katika kiti cha Butere katika uchaguzi wa 1979 na kuendelea kupiga kelele kwa miongo mingine. Alifariki Agosti 2012. Seroney hakurudi. Kiti cha Tinderet kilitwaliwa mwaka huo wa 1979 na Henry Kosgey, aliyekuja kuwa waziri.

Juni 1982, Bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kanu kuwa chama cha pekee kinachoruhusiwa na sheria. Mswada huo ulipitishwa upesi, bila upinzani wa maana. Seroney alifariki kabla ya mwaka huo kumalizika.