Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, mnamo 1880 – Unguja, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarab kutoka Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo kwenye santuri.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, zama za utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Hakusoma shule. Mama yake alimfundisha ufinyanzi, naye akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa kuimba. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Muziki

Taarab ililetwa kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash (1870–1888). Iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la sultani, na baadaye katika vyama vya wanaume kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamke wa heshima hakuimba mbele ya wanaume wasio jamaa zake.

Ali Muhsin, mwanamuziki wa mjini, alisikia sauti yake akamfundisha kuimba. Kwa kuwa hakujua kusoma, Siti alihifadhi nyimbo kichwani. Baadaye aliimba na kundi lake, wakiwemo Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk. Mbele ya wanaume aliimba akiwa amejifunika uso. Kwa njia hiyo alichunga desturi, na sauti yake ikasikika hata mbele ya sultani.

Mwaka 1928 kundi hilo lilikwenda Bombay, Uhindi, kurekodi kwa kampuni ya Gramophone. Santuri zake zilienea pwani yote, kwa sababu aliimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa kawaida.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi tu. "Kijiti" ulihusu mwanamke aliyeuawa: muuaji alitorokea bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiadhibiwa. Wapinzani walipomcheka kwa asili yake na sura yake, aliwajibu kwa wimbo pia.

Urithi

Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo nyingi kutoka kwake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kiliita jarida lake *Sauti ya Siti*.